Kokteli za Lubumbashi zinaharibiwa na barafu

Ndugu Mhariri,

Joto la Oktoba likianza kuchoma hapa Lubumbashi, kabla mvua haijafika, meza za nje za migahawa hujaa wageni: waliotoka Likasi na Kolwezi, waliovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, walioshuka na ndege ya Kinshasa. Wengi huagiza kokteli moja, wakaionja, kisha wakahamia kwenye bia ya Simba kubwa usiku kucha. Ukiwauliza, watasema ramu ilikuwa ya bandia. Sisi tunaosimama nyuma ya kaunta tunajua kwamba mara nyingi ramu inasingiziwa. Mkosaji ni barafu, na tunaomba nafasi katika gazeti lako tulieleze jambo hili kwa wenye migahawa na kwa wasafiri pia, kwa kuwa mteja anayejua cha kutazama humbadilisha mwenye nganda, yaani baa, upesi kuliko sisi tunaolipwa naye.

Chukua daikiri, ambayo haina pa kujificha: ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu yaliyokamuliwa muda huo 20, sukari laini vijiko viwili vidogo. Unatikisa kwa nguvu sekunde 12 hadi 15. Kinachomiminwa kwenye glasi ni zaidi ya ulichotia, kwa sababu karibu robo ya kinywaji hicho sasa ni maji ya barafu iliyoyeyuka. Maji hayo yanatakiwa; bila hayo ramu inakwaruza koo. Lakini hesabu hiyo inatoka sawa pale tu barafu inapokuwa ngumu na kavu, imetoka kwenye friza sasa hivi. Barafu iliyokwisha kulowa inaingia na maji yake juu ya mgongo, na maji hayo hayapoozi chochote, yanapunguza ladha tu. Ukitikisa kwa sekunde zilezile unapata maji matamu yenye harufu ya ramu.

Barafu huloaje? Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu au nne, vipande vinalainika na kuanza kutoa maji. Umeme ukirudi, maji yanaganda na vipande vinashikana kuwa bonge moja. Mhudumu analigonga kwa mpini wa kisu, anapata vijiwe na unga wa barafu, na vipande vidogo huyeyuka mbio kuliko vikubwa. Hapo kokteli imeshaharibika kabla chupa haijafunguliwa. Njia ya kupima ni kidole tu: barafu iliyo tayari hung'ang'ania ngozi kidogo ukiigusa, iliyochoka huteleza. Kwa siku za giza, jaza friza hadi juu, maana iliyojaa hukaa na baridi muda mrefu kuliko iliyo nusu, na usiifungue ovyo. Gandisha pia vipande vikubwa kwenye vikopo, kwa ajili ya glasi ndefu. Tena usibanie barafu kwenye glasi ukidhani unamlinda mteja. Glasi iliyojaa barafu hadi mdomoni hukaa baridi na kuyeyuka polepole, ilhali vipande viwili vinavyoelea peke yao huisha mteja akiwa bado anasoma orodha ya vyakula.

Halafu kuna harufu. Katika jikoni nyingi friza ni moja, na ndani yake samaki wa thomson, kuku na barafu vinalala pamoja. Barafu hunywa harufu ya jirani yake. Mojito yenye mwangwi wa samaki haiokolewi na nanaa hata ukiweka fungu zima. Barafu ipewe friza yake, au angalau ndoo yenye mfuniko unaobana.

La usafi ni zito zaidi, na tunasikitika kuona linachukuliwa kirahisi. Kuganda hakuui vijidudu vya kipindupindu wala vya kuhara, na pombe iliyomo ndani ya kokteli haitoshi kuvimaliza, hata wateja wakiapa kwamba wiski inasafisha tumbo. Maji ya barafu yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili. Kwetu, kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, dakika hiyo inatosha, na ni juu ya mita 2,000 ndipo zinapotakiwa 3. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yaingie kwenye vyombo vilivyooshwa. Barafu ichotwe kwa koleo au kikombe cha chuma, kamwe isichotwe kwa mkono wala kwa glasi yenyewe. Glasi ikimeguka ndani ya ndoo, kipande chake hakionekani kati ya barafu. Mwaga ndoo nzima, osha, anza upya. Msafiri asione haya kuuliza: maji ya barafu hii yamechemshwa? Akijibiwa kwa kigugumizi, aagize bia iliyopoa kwenye chupa, bila barafu.

Baada ya barafu, kipimo. Mojito inataka ramu mililita 45, maji ya ndimu 20, sukari vijiko viwili vidogo, vijiti sita vya nanaa, kisha soda ya maji ya kujazia. Nanaa ibanwe taratibu na sukari na ndimu hadi inukie. Ukiitwanga kama sombe, yale majani ya muhogo, inatoa uchungu wa majani mabichi, na mabaki yake yanaziba mrija. Sukari ya chembe haiyeyuki vizuri kwenye baridi, ndiyo maana mteja hulalamikia ukali mwanzoni na kumalizia na uji wa sukari chini. Badala yake chemsha kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, poza, weka kwenye chupa safi ndani ya friji. Soda huja mwisho na haitikiswi, wala isiwe ile ya chupa kubwa iliyofunguliwa jana. Ndimu zilizokamuliwa asubuhi zimeshapoteza uchangamfu jioni. Mhudumu anayemimina ramu kwa macho, bila kipimo cha chuma, leo atampunja mteja na kesho atampunja tajiri wake, na wote wawili wana haki ya kukasirika.

Mgahawa usioweza kupata nanaa kila siku usiilazimishe. Tangawizi ipo sokoni mwaka mzima. Vodka mililita 45, maji ya ndimu 10, tangawisi (kinywaji cha tangawizi) kali ya nyumbani iliyochujwa 60, soda ya maji 60, glasi ndefu iliyojaa barafu: ni kinywaji kinachoendana na michopo, nyama yetu ya kuchoma, na mgeni hatakipata vilevile kwingine.

Sasa bia. Simba ipoe kati ya nyuzi 4 na 7. Tembo, kwa kuwa ni nyeusi na ina ladha ya kimea kilichokaangwa, huonekana vizuri ikiwa kwenye 8 hadi 10. Ikipozwa mno huwa maji meusi tu. Chupa ikisahauliwa kwenye friza, bia huanza kuganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na chupa inaweza kupasuka. Ukiwa na haraka, acha friza. Ndoo ya nusu barafu nusu maji hupoza chupa kwa dakika 15 hadi 20, kwa sababu maji huizunguka chupa yote, ilhali barafu tupu inaigusa hapa na pale. Konzi ya chumvi ndani ya ndoo inaongeza kasi. Hiyo ni kazi nzuri kwa ile barafu iliyolowa tuliyoikataza kwenye kokteli.

Jua nalo linaharibu bia, na hapa hata wenzetu wenye uzoefu hukosea. Mwanga unabadilisha kile kilichotoka kwenye hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, na kuzaa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inakinga sana, ya kijani kidogo, nyeupe haikingi kitu. Bia ikishamiminwa kwenye glasi mezani juani, dakika chache zinatosha. Kwa hiyo meza za nje ziwe na kivuli, na makasha ya bia yasipangwe ukutani pale jua la mchana linapopiga.

Povu likifa mara tu bia inapomiminwa, usiilaumu bia kabla ya kuitazama glasi. Mafuta ndiyo adui: kitambaa kilichofuta sahani za michopo ndicho hichohicho kinachofutia glasi. Sabuni isiyosuuzwa nayo inaua povu. Glasi safi huacha pete za povu ukutani kila unapokunywa, ilhali kwenye glasi chafu utaona viputo vimeganda pembeni. Glasi za bia zioshwe kwa maji yake, zikauke zenyewe zikiwa kichwa chini, zisuuzwe kwa maji baridi na salama kabla ya kumimina. Mimina ukiwa umeilaza glasi nusu, kisha uisimamishe, vidole viwili vya povu vibaki juu. Usikimbize mkono: kwenye mwinuko wetu hewa inakandamiza kidogo kuliko kule pwani, kwa hiyo gesi hutoka kwa pupa, na bia ya uvuguvugu ndiyo inayomwagika zaidi. Na chupa ifunguliwe mbele ya mteja, mezani.

Wanaokwenda mbali wajue kwamba kuhesabu chupa kunadanganya. Chupa yetu kubwa ina takriban sentilita 72. Kwa nguvu ya asilimia 5 hiyo ni mililita 36 za pombe halisi. Mojito ya mililita 45 za ramu ya asilimia 40 ina 18. Maana yake, aliyekunywa Simba kubwa moja amekunywa sawa na mojito mbili. Ukivuka Kasumbalesa, Mosi ya Zambia utaipata katika chupa ndogo. Tanzania na Kenya, chupa ya kawaida ya Kilimanjaro, Safari au Tusker ni mililita 500. Anayezoea "mbili zangu" za nyumbani akifika huko atajiona bado, na mgeni wa huko akija kwetu, mbili zake zitamzidi. Hatari kubwa ni Long Island, yenye vodka, tekila, ramu, jini na likeri ya machungwa, mililita 15 kila moja: pombe halisi iko karibu 30 ndani ya glasi inayoonja kama chai ya ndimu. Ini la mtu mzima huondoa takriban mililita 10 kwa saa, na kahawa haiongezi kasi. Simba kubwa moja inahitaji zaidi ya saa 3. Mwenye kushika usukani kuelekea Likasi au Kolwezi apige hesabu hiyo kabla ya kuagiza.

Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi yaliyochachushwa, tunaipenda na tungefurahi kuiona kwenye orodha za migahawa mikubwa, lakini isemwe imetengenezwa lini. Siku ya kwanza ni tamu na pombe yake ni ndogo. Kadiri inavyolala inazidi kuchachuka na kupata nguvu. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, ni habari nyingine. Nguvu yake hubadilika kutoka dumu hadi dumu, na pombe kali isiyo na asili inayojulikana inaweza kuwa imechanganywa na spiriti ya viwandani yenye methanoli, ambayo ni sumu. Hiyo haina ladha ya kukuonya. Macho huanza kuona ukungu baada ya saa nyingi, mara nyingi siku inayofuata, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kungoja. Ndiyo maana hatukubali kaunta inayojaza chupa ya wiski kwa faneli jikoni. Msafiri aombe kuiona chupa: kifuniko, lebo, na kama kinywaji kinamiminwa kutoka chupa ileile iliyo kwenye rafu.

Kwa wenye migahawa, tukianza na moja tu: kabla ya kununua chupa mpya za bei ghali za kupamba kaunta, nunueni friza ndogo ya barafu peke yake, koleo mbili, na kipimo cha chuma chenye mililita 20 upande mmoja na 40 upande wa pili.

Wahudumu wa kaunta,
Lubumbashi