Barua kwa Mwanangu Anayejifunza Kuchora Watu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Sisi sote hatujambo. Michoro yako nimeipokea, nikaitandaza yote mezani ili niione kama kazi ya mkono mmoja, na nimekaa nayo kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza mambo mawili: namna ya kuwachora watu vizuri zaidi, na namna ya kupata mtindo wako mwenyewe wa kuchora wahusika wa kubuni. Nitayajibu kwa pamoja, kwa kuwa naamini kwa dhati kwamba ni swali moja. Mhusika wa katuni, hata akiwa na kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili na macho yaliyojaa nusu ya uso, ni binadamu ambaye mchoraji amempunguzia baadhi ya mambo na kuyatia chumvi mengine, na hakuna awezaye kuchagua la kupunguza na la kutia chumvi kwa mtu ambaye hajamtazama sawasawa.

Nyuso zako zina uhai, nami nakwambia hivyo bila kukubembeleza. Yule msichana aliyekasirika, ambaye midomo yake umeichora kwa mstari mmoja tu, anaeleweka mara moja. Lakini nilipoitazama michoro yote pamoja niliona kwamba karibu kila mhusika ameelekea kushoto, amesimama wima huku miguu yote miwili ikibeba uzito sawasawa, na mikono yake imefichwa mgongoni au mfukoni. Mkono wa mchoraji hupenda kurudia njia uliyoizoea, na anayejifunza huanza kuyakwepa yanayomshinda bila hata kutambua kwamba anayakwepa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya barua hii inahusu mwili kuliko uso. Uso tayari umeanza kukutii.

Anza na mkao. Kila siku, kabla ya kuchora unachokipenda, chora watu kwa haraka: mikao kadhaa ya nusu dakika, mingine ya dakika moja, na michache ya mwisho ya dakika mbili. Muda huo hautoshi kuchora vidole wala nywele, na hiyo ndiyo faida yake, kwa maana unakulazimisha kutafuta kwanza mstari mmoja unaotoka kichwani, ukapita katika uti wa mgongo, ukashuka hadi kwenye unyayo uliobeba uzito. Mstari huo ukiwa na nguvu, mchoro husimama hata kama viungo vyake havijakamilika. Ukiwa umelegea, misuli yote utakayoongeza juu yake haitausaidia. Wachore watu wanaosubiri, wanaobeba mizigo, wanaoinama kufunga viatu, wanaopanda ngazi. Anayetembea hatakungoja umalize, lakini ukimtazama kwa makini, ukageuka na kuchora kile kilichobaki akilini, utajifunza kukumbuka maumbo, na uwezo huo utauhitaji kila utakapomchora mtu ambaye hayupo mbele yako.

Mwangalie hasa mtu anapouegemeza mwili wake kwenye mguu mmoja. Nyonga ya upande wa mguu huo hupanda, bega la upande huohuo hushuka, na uti wa mgongo hupinda ili kuviunganisha viwili hivyo. Wachongaji wa Ugiriki ya kale walianza kulionyesha jambo hilo katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na tangu hapo sanamu zao, ambazo awali zilisimama kikakamavu, zikaanza kuonekana zinapumua. Ukitaka kujua kama mtu uliyemchora ataanguka, shusha mstari wima kutoka kwenye kishimo cha koo, pale mitulinga miwili inapokutana: kwa mtu aliyesimama akiegemea mguu mmoja, mstari huo hufika karibu na unyayo uliobeba uzito. Mhusika wa kubuni hutii kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mwinamo ambao kwa mtu halisi ni mdogo, kwake unaweza kuuongeza mara mbili, na mtazamaji ataukubali kwa sababu umeusukuma kuelekea kule ulikokuwa ukielekea tangu mwanzo.

Baada ya mstari huo, weka vitu vitatu vizito: kichwa, kifua na nyonga. Vitatu hivyo havipindi. Kinachopinda ni shingo na kiuno vinavyoviunganisha. Chora kifua kama yai na nyonga kama kisanduku, na kila mara ujiulize kila kimoja kimeelekea wapi na kimeinama kiasi gani. Kisanduku kina faida kubwa kuliko duara, kwa sababu kina pande, na pande hukuonyesha papo hapo kama unamwona mtu kwa juu, kwa chini au kwa ubavu. Wahusika wako wameelekea kushoto daima kwa sababu umeijua mistari ya pozi hilo bila kulijua umbo lililo chini yake. Ukiweza kukizungusha kisanduku cha kifua kichwani mwako, utaweza kumzungusha mhusika mzima.

Kuhusu uwiano, kipimo chepesi ni kichwa chenyewe. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi. Wachoraji wanaotaka shujaa aonekane mkubwa humfikisha vichwa 8 au zaidi. Na mtoto mchanga ana vichwa 4 tu. Nusu ya urefu wa mtu mzima huangukia karibu na kinena, na mikono ikining'inia, vifundo vyake hufika karibu na kimo hichohicho, huku viwiko vikiwa karibu na kiuno. Kiganja kilichofunguliwa hufunika uso kuanzia kidevuni hadi karibu na mwanzo wa nywele, na ndiyo sababu mikono mingi ya wanaoanza huonekana midogo: hawaamini kwamba mkono ni mkubwa hivyo. Weka mkono wako usoni uhakikishe.

Vipimo hivi ni vya kale. Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliandika kwamba kichwa ni sehemu ya 8 ya urefu wa mtu, na kiganja ni sehemu ya 10, na Leonardo da Vinci akavichora vipimo hivyo mnamo mwaka 1490. Lakini anayenivutia zaidi kwa ajili yako ni Albrecht Dürer wa Ujerumani, ambaye kazi yake kuhusu uwiano wa mwili ilichapishwa mwaka 1528, miezi michache baada ya kifo chake. Hakutosheka na mwili mmoja mkamilifu. Alipima na kuchora wanaume na wanawake wanene, wembamba, warefu na wafupi, kisha akaonyesha kwa hesabu jinsi ya kuvinyoosha na kuvibana vipimo hivyo ili kupata watu wa namna nyingine nyingi. Hiyo ndiyo kazi unayoitaka, mwanangu. Uwiano wa kawaida ni mahali pa kuanzia kubadilisha, na mhusika wa vichwa 3 anapendeza pale mchoraji alipoamua kwa makusudi ni nini kilichofupishwa: kwa kawaida ni miguu na kiwiliwili, huku kichwa kikiachiwa nafasi yote ya kuonyesha hisia.

Usoni nina machache ya kuongeza. Macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni, lakini watu wengi huyapandisha kwa kuwa husahau jinsi fuvu linavyoendelea juu ya paji la uso. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja. Masikio hukaa baina ya nyusi na ncha ya chini ya pua; kichwa kikiinuka, masikio huonekana yameshuka kuliko pua na macho, na kikiinama huonekana yamepanda, hivyo masikio yatakuambia ukweli kuhusu mwinamo wa kichwa hata pale macho yatakapokudanganya. Kwa mtoto, macho hukaa chini ya nusu, paji ni kubwa na kidevu ni kidogo. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza kwamba maumbo hayo huamsha ndani yetu hamu ya kulea na kulinda. Wachora katuni huitumia siri hiyo kila siku: shusha macho, kuza paji, punguza kidevu, na mhusika atapendwa kabla hajasema neno, pandisha macho na refusha taya, naye ataongezeka umri.

Sasa mikono, ambayo umeificha. Natamani uipende, kwa sababu hakuna kiungo kinachosema mengi zaidi baada ya uso, na mara nyingine mkono husema kile ambacho uso unajaribu kukificha. Usianze na vidole. Anza na kiganja kama bamba nene, lenye upana zaidi kwenye vifundo vya vidole na wembamba kuelekea kwenye kifundo cha mkono. Gumba liweke peke yake, kwa kuwa linatoka ubavuni na kuelekea upande wake lenyewe. Kosa la kulipanga sambamba na vidole vingine ndilo linaloufanya mkono uonekane kama uma. Vifundo vya vidole havikai kwenye mstari ulionyooka bali kwenye upinde, na ncha za vidole nazo hufuata upinde mwingine. Ukitazama mkono kwa nyuma, vidole huonekana virefu kuliko ukiutazama kwa mbele, kwa sababu upande wa kiganja kuna nyama inayoficha sehemu ya mzizi wa kila kidole. Chora vidole kwanza vikiwa kundi moja, kisha utenganishe kile kinachofanya kazi, mara nyingi cha shahada, na uviache cha kati na cha pete vitembee pamoja kama vinavyopenda kufanya. Mkono wako wa kushoto uko mbele yako wakati wote, unaweza kukaa kwa pozi lolote, wala haudai malipo.

Utaona kwamba wahusika wengi wa filamu za katuni za Marekani wana vidole vitatu na gumba. Sababu yake ni kazi: sekunde moja ya filamu hupitisha picha 24, na kidole kimoja kilichoondolewa katika maelfu ya picha ni nafuu kubwa. Lakini mikono hiyo inaposhika kikombe, inashika kwelikweli, kwa sababu waliopunguza kidole walijua jinsi kiganja kinavyojikunja. Huo ndio upunguzaji ninaokuomba uuelewe.

Nguo, nywele na vivuli sitavieleza sana leo. Kumbuka tu kwamba mikunjo ya nguo huanzia pale kitambaa kinaposhikwa au kuvutwa, yaani begani, kwenye kiwiko, kwenye goti na kiunoni, na kwamba nywele zichorwe kwanza kama umbo moja lenye uzito kabla ya kuchora unywele mmoja.

Kuhusu maumbo ya wahusika, utasikia kwamba duara huleta upole, mraba huleta uthabiti na pembetatu huleta hatari. Ni kweli kwa kiasi, nayo ni njia nzuri ya kuwatofautisha wahusika wa hadithi moja, lakini ukiitumia kama sheria utapata waovu wote wenye kidevu chenye ncha. Jaribio ninalolithamini zaidi ni kumjaza mhusika rangi nyeusi tupu na kuona kama bado anatambulika, na kama bado tunaelewa anafanya nini. Mkono ulio mbele ya kifua utapotea katika weusi huo. Uhamishe nje ya mwili, na tendo litasomeka. Kisha mchore mhusika huyo kwa mbele, kwa ubavu, kwa mgongo na akiwa ameinama, ukihesabu vichwa vyake kila mara. Hapo utagundua mengi ambayo hukuyaamua, kwa mfano jinsi pua yake inavyoonekana kwa ubavu au nywele zake zinavyoishia kisogoni.

Kunakili kazi za wachoraji unaowapenda ni halali na kunafaa, mradi kila unaponakili ujiulize kwa nini mstari huu umewekwa hapa na ule ukaachwa, na mradi usiitoe nakala hiyo kama yako. Usimfuate mchoraji mmoja tu, maana utarithi pia udhaifu wake. Kupitisha penseli juu ya picha iliyopigwa kwa kamera nakushauri ukuache kwa sasa, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa karibu huikuza pua na kuyasukuma masikio nyuma, nawe utayabeba makosa hayo bila kuyajua. Na mchoro unapokuwia mgumu, uugeuze mbele ya kioo, au uupindue kushoto kulia kama unachora kwenye kishikwambi. Jicho lililopanda na bega lililolegea vitajitokeza mara moja.

Mtindo wako usiutafute kwa haraka. Utajengeka kutokana na yale utakayochagua kuyaacha na yale utakayokataa kuyaacha, na tayari naona dalili zake katika jinsi unavyoipinda mistari ya midomo. Kwa sasa nataka umchukue yule msichana aliyekasirika, umchore mwili mzima akiwa ameegemea mguu wa kulia, ameelekea kulia, na mikono yake yote miwili ionekane. Mchore kwanza kwa vichwa 7 na nusu, kisha kwa vichwa 5, kisha kwa 3, hasira ikibaki ileile. Nitumie yote matatu pamoja na kurasa zako za michoro ya haraka, hata zile usizozipenda, na uniandikie pembeni ni wapi penseli ilikwama, ili barua yangu ijayo ianzie hapo.

Ni mimi mama yako akupendaye.