Risala ya Wasaidizi wa Kisheria wa Kibera kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, machifu wetu, wazee wa Kinubi na wa jamii zote za Kibera, kina mama, vijana wenzetu: asalaam aleikum, hamjambo nyote.

Karibu sana. Leo wenzetu wanapokea vyeti vya usaidizi wa kisheria, nasi tumeona heri tukueleze jambo moja tu, kitambulisho.

Kijana wa hapa akitimiza miaka 18 huenda kujiandikisha akiwa na cheti chake cha kuzaliwa. Mwenye jina lisilotiliwa shaka huandikishwa, akaenda zake. Mwenye jina la Kinubi huambiwa angoje siku ya msasa, yaani kuhojiwa na kamati kama ni Mkenya kweli, na akifika mbele ya kamati hiyo hudaiwa karatasi za babu yake. Wakati huo wote hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti, haombi mkopo wa chuo, hapigi kura. Askari akimsimamisha usiku hana cha kuonyesha. Kazi zinampita, na umri hausubiri. Mheshimiwa, umaskini wa nyumba nyingi hapa umeanzia kwenye meza ya usajili.

Babu hao wanaoulizwa waliletwa na Waingereza kutoka Sudan, wakapigana katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakapewa Kibera wakae, bila hati. Hati ya jamii, ya ekari 288, ilitoka mwaka 2017.

Wazee wetu hawakukaa kimya. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewabagua watoto wa Kinubi katika uraia, afya na elimu. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikaona kuwa Wanubi wamebaguliwa. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mkazi namba moja ya utambulisho, iliyofunguliwa na Wanubi pamoja na wengine, Mahakama Kuu ilizuia mpango huo usiendelee mpaka uwekewe kanuni kamili za kisheria. Kesi ile iliwalinda Wakenya wote, na tunajivunia kuisema mbele yako.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kule Wajir kwamba msasa umefutwa. Tulifurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa kaskazini. Lakini agizo lile lililenga kaunti za mpakani, na Kibera haiko mpakani.

Kwa hiyo tunaomba msasa ufutwe na kwetu, kwa maandishi, na waraka wake ufike mpaka ofisi ya chifu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila au asili; cha 12 kinampa kila raia haki ya hati zake. Hatuombi zaidi ya hayo.

Pili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inawatambua wasaidizi kama sisi na imeanzisha mfuko. Tusaidie wahitimu wa leo waidhinishwe rasmi, na wapate nauli ya kumsindikiza mwenye shida hadi kwa msajili. Wengi wanatoa mfukoni mwao, nao ni watu wa vibarua.

Orodha ya vijana wanaosubiri vitambulisho tumeiambatanisha na risala hii, kwa idhini yao. Tunakukabidhi sasa, kisha tunakukaribisha uzungumze nasi.