Wauza pikipiki, mpimeni mtu kabla ya kumkabidhi funguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wauza pikipiki, wanaozipanda, na viongozi wa vijiwe. Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Majengo, Moshi. Vijana wa bodaboda wanalaumiwa sana kwa mwendo, na lawama nyingine ni za haki kabisa. Ila kuna jambo ninaliona kila siku gereji ambalo sijalisikia likitajwa kwenye vikao vya usalama barabarani. Nalo ni jinsi mtu anavyokaa kwenye pikipiki yake, na mguu wake wa kulia uko wapi pale breki inapotakiwa.

Simama Kiboriloni jioni uwaangalie wanaoshuka kutoka Old Moshi. Wengi hawajaweka miguu kwenye vikanyagio. Wameinyoosha mbele, nyayo zimeegemea lile bampa la chuma linalofungwa kukinga injini, na pedeli ya breki ya nyuma imebaki huko nyuma ya kisigino haina mwenyewe. Nyuma kuna abiria, na pengine gunia la viazi. Ukiwauliza wanakwambia, "Fundi, tunapumzisha miguu." Mimi nawaamini. Hakuna anayefanya vile kwa kupenda kufa.

Sasa tupige hesabu. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, pikipiki inakata karibu mita 14 kila sekunde. Ikikuchukua nusu sekunde tu kuurudisha mguu kutoka kwenye bampa hadi kwenye pedeli, umeshatembea mita 7 bila breki ya nyuma. Mita 7 ni kama upana wa barabara yote ya lami, upande wa kwenda na wa kurudi. Mtoto anayevuka ameshafikiwa.

Mtu atasema ipo breki ya mbele. Ni kweli, na kwenye lami kavu ndiyo inayobeba kazi kubwa, maana ukifunga breki uzito unahamia tairi la mbele. Lakini huku kwetu milimani njia nyingi ni za vumbi na kokoto, na masika ni utelezi mtupu. Ukiibana breki ya mbele kwa nguvu kwenye kokoto za mteremko, tairi linasimama kuzunguka, usukani unakukimbia, uko chini. Vijana wanalijua hilo, wanaiogopa, na kwa kuiogopa wengi wameacha waya wake ulegee hadi leva inagusa usukani bila kukamata chochote. Mtu wa namna hiyo maisha yake na ya abiria wake yako kwenye mguu wa kulia peke yake, halafu mguu huo ameuweka kwenye bampa.

Kumkaripia hakutoshi. Ukimwambia ashushe mguu anaushusha, akikata kona anaurudisha, kwa sababu palepale kwenye kikanyagio panamuumiza. Hapo ndipo fundi anapohusika.

Alikuja kijana mmoja wa kijiwe cha Mbuyuni, mrefu, anaendesha pikipiki ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni. Alikuja kwa ajili ya cheni. Nikiwa nakaza nati akasema, "Fundi, goti la kulia linawaka moto. Ikifika saa nane mchana hata kulikunja siwezi." Nikamwambia apande, akae kama anavyokaa akiwa na abiria. Pikipiki ilikuwa kwenye stendi kubwa. Nikarudi nyuma nikamtazama kwa ubavu. Siti ilikuwa imekwisha sponji, amezama, goti limekunjika hadi limepita usawa wa tenki. Usukani ulikuwa umelazwa kuelekea tumboni, viganja vimepinda kwa juu. Pedeli ya breki ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Ilipinda siku pikipiki ilipoanguka, ikabaki imesimama juu ya kikanyagio kwa upana wa vidole viwili na zaidi, kwa hiyo kila akitaka breki ilibidi anyanyue mguu mzima kuanzia kwenye nyonga. Fanya hivyo kutwa nzima, kati ya stendi, hospitali ya KCMC na Pasua, uone kama hutautafutia mguu mahali pengine pa kukaa.

Nilimwambia afumbe macho, aweke unyayo kwenye kikanyagio na kuulegeza. Pale vidole vilipotulia ndipo pedeli inapotakiwa iwepo, chini kidogo ya soli ya kiatu, ili breki ikamatwe kwa kukunja kifundo cha mguu tu, paja likiwa limetulia. Nikaifungua pedeli nikainyoosha. Siti ilikwenda kwa jirani yangu fundi siti, akaongeza sponji ngumu, nyonga ikapanda na goti likafunguka. Usukani nikaulegeza kwenye vishikizo vyake, nikausogeza mbele kidogo, na leva zote mbili nikazishusha hadi vidole vikawa vimenyooka sawa na mkono. Akazunguka hadi kipilefti cha Mnara wa Saa na kurudi. Alichosema ni, "Kumbe breki ilikuwepo."

Naomba nieleze kidogo hapo kwenye pedeli, maana ndipo watu wanapoharibu. Ukishaigusa kimo chake, lazima urudi kwenye nati ya nyuma pale kwenye tairi urekebishe nafasi ya kuchezea. Kwa pikipiki nyingi zenye breki ya ngoma, pedeli ishuke milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Ikipungua, breki inajisugua muda wote, ngoma inachemka, na bodi ya breki, yaani vile vipande vya ndani vinavyosugua ngoma, inaisha kabla ya wakati. Zungusha tairi kwa mkono. Lisipozunguka kwa uhuru, legeza. Baada ya hapo angalia swichi ya taa ya breki, ile inayovutwa na springi ndogo kutoka kwenye pedeli. Ukiisahau, taa ya nyuma itawaka moja kwa moja, na dereva wa Noah anayekufuata hatajua lini umefunga breki na lini unatembea tu. Na nati ikifika mwisho wa uzi wake, badilisha bodi ya breki. Kuna mafundi wanaochomoa mkono wa breki kwenye ngoma na kuusogeza meno mawili matatu ili ipatikane nafasi mpya ya kukaza. Huko ni kumficha mtu ugonjwa wake. Bodi iliyokwisha inaweza kupinduka ndani na kulibana tairi likiwa kwenye mwendo.

Upande wa kushoto, wa gia, shida huwa ya viatu. Yupo mama mmoja mwuguzi wa zahanati huko juu Kibosho, mfupi, na kipindi cha masika huwa anavaa mabuti ya mvua. Pedeli ya gia ya pikipiki yake ina ncha mbili, moja ya vidole na moja ya kisigino. Buti lilikuwa halipiti chini ya ncha ya mbele, akawa anapandisha gia kwa kisigino tu, na akitaka kupunguza ananyanyua mguu wote. Dawa yake ilikuwa rahisi: pedeli ya gia imekaa kwenye meno, unalegeza bolti moja, unaichomoa, unaisogeza jino moja, unakaza. Kwa yule mama jino moja lilitosha. Alikuwa pia ameshauriwa mahali akate springi za shokapu ili miguu ifike chini. Nikamsihi asifanye hivyo, maana pikipiki ingegonga kila tuta na ingeyumba kwenye kona. Fundi siti alipunguza sponji pembeni kwa mbele, siti ikawa nyembamba pale mapaja yanapopita, na mguu wa kushoto ukafika chini vizuri. Wa kushoto unatosha. Ukisimama kwenye mlima, wa kulia unapaswa kubaki kwenye breki ili pikipiki isirudi nyuma.

Wapo wanaonijibu kwamba hata Wamarekani wananyoosha miguu mbele. Wameona picha za Harley-Davidson. Ni kweli zipo pikipiki za aina hiyo, lakini waangalie vizuri: vikanyagio vilipopelekwa mbele, pedeli ya breki na ya gia zilipelekwa mbele pamoja navyo, na mguu ulionyooka bado uko juu ya breki. Zile za mashindano zimefanya kinyume, vikanyagio viko nyuma na juu, magoti yamekunjwa na mwili umelalia tenki. Zetu za kazi, Boxer, TVS na jamii yake, vikanyagio viko katikati, chini ya mapaja, na kwa njia zetu sidhani kama pana mahali bora zaidi. Ukifika kwenye tuta au shimo unajiinua kidogo kwa miguu, magoti yanakunywa mtikisiko badala ya kiuno. Wasafiri wanaotoka Cairo kwenda Cape Town wakipitia Arusha utawaona kwenye njia mbaya wamesimama kabisa juu ya vikanyagio. Aliyeweka miguu kwenye bampa hawezi kujiinua. Kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, ndiyo maana vijana wa miaka ishirini na kitu wanakuja kwangu wameshika kiuno.

Kuna jambo la deiwaka, yule anayeshikilia pikipiki ya mwenzake kwa muda, nalo linanisumbua. Pikipiki imepangwa kwa mwili wa mtu mmoja, mchana anaichukua mwingine, mfupi au mrefu zaidi, na pengine amezoea gia zinazopangwa tofauti. Nyingine gia zote zinakwenda upande mmoja, nyingine ya kwanza chini na zilizobaki juu. Mguu ukishtuka unafanya ulichozoea. Wazee waliowahi kuendesha pikipiki za Uingereza za zamani wanajua hili vizuri, kwa sababu zile gia zilikuwa kulia na breki kushoto, mpaka Marekani ilipoagiza kwamba pikipiki zote zinazotengenezwa kuanzia Septemba 1974 kwa ajili ya soko lake ziwe na gia kushoto na breki kulia, na viwanda vikafuata. Nchi kubwa ile iliona haifai mguu kubahatisha. Deiwaka wetu anabahatisha kila siku. Dakika tano za kukaa kwenye pikipiki ikiwa imesimama, akanyage breki, apandishe na kushusha gia zote, zingemsaidia sana, na ni kazi ya kiongozi wa kijiwe kuhakikisha anazipata kabla ya kubeba mtu.

Mishikaki nayo inazungumzwa kwa uzito tu. Lakini ukipakia abiria wawili, dereva anasukumwa mbele hadi anakalia mwanzo wa tenki. Magoti yanapanda, nyayo zinateleza kutoka kwenye vikanyagio, na breki ya nyuma anaigusa kwa ncha ya kidole. Akiwa amevaa ndala, kidole hicho chenyewe kinateleza.

Nirudi kwa wauzaji. Mtu akinunua suruali ya mtumba pale Memorial, hupitia kwa fundi cherehani ipunguzwe kabla hajaivaa. Pikipiki ya zaidi ya milioni mbili anakabidhiwa kama ilivyotoka kwenye kasha na kuungwa, anawekewa mafuta kidogo, anapewa funguo, anaondoka. Ninaowapokea wengi hawajui kabisa kwamba usukani unageuka, kwamba pedeli ya gia inasogea, kwamba kimo cha breki kinarekebishika. Wanadhani wao ndio wenye miili mibaya.

Ninachowaomba wauzaji wa Moshi na Arusha ni hiki. Mnunuzi akishalipa, mkalisheni juu ya pikipiki yake akiwa na viatu anavyovaa kazini. Fundi wenu amtazame kwa ubavu: goti, kiwiko, kiganja, unyayo. Arekebishe usukani, leva, pedeli ya gia na pedeli ya breki, kisha apime nafasi ya kuchezea na taa ya nyuma. Kwa fundi anayejua kazi haifiki nusu saa, na spana ni zilezile mlizounganishia. Bampa lifungeni, linakinga injini na mguu pikipiki ikianguka. Ila msikubali kulichomelea vikanyagio vya ziada hata mteja akilipia. Nimeombwa mara nyingi, nimekataa, na nitaendelea kukataa. Kuchomelea usukani ili urefuke pia sikubali, chuma kikikatika pale huna cha kushika.

Kwa walimu wa vyuo vya udereva, naomba mwanafunzi afundishwe kurekebisha breki ya nyuma kwa mkono wake kabla hajafundishwa kuzunguka vile vipipa. Na kwa viongozi wa vijiwe vya Mbuyuni, Kiboriloni, Pasua na Rau: nileteeni vijana wenu Jumapili mchana, wakati kazi zimepungua. Kumkalisha mtu na kumpimia pedeli sitamtoza. Atakayehitaji sponji atapatana na fundi siti, na mwenye bodi ya breki iliyokwisha atanunua mpya. Waje na viatu vyao vya kazi.

Wako,
Fundi wa pikipiki,
Majengo, Moshi