Kamba ya lokini usiipige fundo

Mpendwa Hamisi,

Nimefurahi kusikia mashua imeshashushwa majini na Jumamosi utaipitisha kwa mara ya kwanza kwenye loki ya marina, kile chumba cha maji chenye lango mbele na nyuma, ambamo maji hupandishwa au kushushwa hadi yalingane na ya nje. Nakuandikia upesi kwa sababu ya kamba.

Mwaka juzi tulikuwa tunatoka, bahari imekupwa. Lango likafungwa nyuma yetu, maji yakaanza kushuka, na mwenzangu kule omo, yaani mbele ya mashua, alikuwa ameshaipiga fundo kamba ya ukutani. Mwanzoni hatukuona kitu. Mara kamba ikaanza kulia, matone yanakamuka kwenye nyuzi zake, omo imening'inia ukutani na tezi, yaani nyuma, inazidi kushuka. Fundo lililobeba uzito wa mashua halifunguki kwa vidole. Ilibidi tukate kwa kisu, na mashua ikaanguka kwa kishindo. Hakuumia mtu, lakini mlio ule ninao masikioni hadi leo.

Kwa hiyo ipitishe kamba kwenye chuma cha ukutani, irudishe ndani ya mashua, izungushe mara moja tu kwenye kigingi cha mashua, na ncha ishikwe mkononi. Maji yakishuka, legeza; yakipanda, vuta. Iwe ndefu, zaidi ya mara mbili ya kimo ambacho maji yatashuka. Mshikaji asiiache hata kidogo, na kisu kiwe karibu. Ukikuta gati linaloelea ndani ya loki, hapo hofu hiyo haipo, kwa kuwa linapanda na kushuka pamoja nawe.

Kabla ya kufika, mwite msimamizi wa loki kwa redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, umuulize utafunga upande gani. Taa nyekundu, subiri mbali na lango. Dafrao, yale maboya ya kukinga ubavu wa mashua, zitundike pande zote mbili hata ukiambiwa upande mmoja, maana upepo hauna habari na maagizo ya msimamizi. Ingia polepole, lakini usukani uwe bado unaitikia. Upepo ukitoka nyuma, kamba ya tezi itangulie, la sivyo tezi itazunguka na mashua itakaa kingamo.

Majaketi ya kujiokolea yavaliwe mapema. Na nakusihi, mtu asiuzuie ukuta kwa mguu wala mkono. Mashua ina tani kadhaa, na mguu ni mfupa tu. Ikigonga, igonge dafrao.

Niandikie ukishapita. Nataka kujua kamba ya tezi umempa nani.

Wako,
Juma