Nitafutie lile daftari la kijani

Rehema mwenzangu,

Habari za siku nyingi? Goti la mama limepata nafuu? Na mapacha je, wamesharudi shule au bado wanakumalizia chaja za simu? Sisi huku hatujambo, sote wazima. Nilitaka kukupigia, lakini jambo lenyewe lina mikia mingi, nikaona bora nikae niandike, nawe ulisome ukiwa umetulia.

Ni habari ya wale njiwa wawili, Malaika na Mjumbe. Uliponiambia umeshawasafishia tundu na unataka kuwaweka pamoja wiki hii, nilielewa furaha yako, maana najua unavyompenda yule jike. Lakini nakuomba sana, subiri kidogo. Hata kama Mjumbe ameshaanza kumzunguka na kuvimbisha shingo, watenganishe kwa wavu waonane tu. Na wakati wanasubiri, nitafutie lile daftari la kijani, lile ambalo Zuhura alikuwa akiandikia habari za banda kwa penseli. Nalihitaji kweli.

Unajua nimekuwa nikiingiza njiwa wetu wote kwenye kompyuta, wako na wangu. Kila ndege ana mstari wake: namba ya pete, jinsia, rangi, tarehe ya kutotolewa, namba ya baba, namba ya mama. Ukichagua dume na jike, programu inapanda ukoo wao kizazi baada ya kizazi, inatafuta babu au bibi anayetokea pande zote mbili, halafu inakupa asilimia: makinda wa jozi hiyo watakuwa wamerithi kitu kilekile mara mbili kutoka kwa mzazi mmoja wa zamani kwa kiasi gani. Hesabu hiyo aliitoa Mmarekani Sewall Wright mwaka 1922, na kiini chake ni kugawa kwa mbili kila unapopanda ngazi moja ya ukoo. Ukiwaozesha ndugu wa baba na mama mmoja, makinda wanapata asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja tu, 12.5. Watoto wa ndugu wawili, 6.25.

Nikawaweka Malaika na Mjumbe. Jibu likaja: sifuri.

Hiyo sifuri siiamini, Rehema. Programu haijui tofauti ya "hawana undugu" na "sijaambiwa". Ikikuta safu ya baba iko tupu, inamhesabu ndege huyo kuwa mgeni asiye na ndugu yeyote bandani. Sasa angalia ukoo wetu: yule dume Mwekundu, baba wa Mjumbe, alikuja kutoka kwa Mzee Kombo akiwa mtu mzima, hana karatasi. Kijivu wa Bakari vilevile. Juu yao safu zote ni tupu. Kwa hiyo hata kabla ya kufika kwenye shaka yangu kubwa, hiyo sifuri ilikuwa imesimama juu ya matundu.

Shaka yangu kubwa ni hii. Malaika ameandikwa kuwa mtoto wa Kijivu na Shani. Shani ni mwekundu, ule wekundu wenye mkia wa rangi ya majivu usio na ukanda mweusi. Kijivu ni kijivu, na mistari miwili mieusi bawani. Na Malaika ni mwekundu kama mama yake, mkia wa majivu vilevile. Nimeikuza ile picha uliyonitumia mpaka ukingo wa manyoya ya mkia ukaonekana; hakuna ukanda. Si ule wekundu wa mwili mzima mpaka mkiani, maana huo hurithiwa kwa njia nyingine.

Kwa ndege, mambo ya jinsia yamegeuzwa ukilinganisha na sisi. Dume ana kromosomu (zile nyuzi zinazobeba urithi) mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Z ya jike inatoka kwa baba yake tu. Mama anampa W. Na rangi hizi za msingi za njiwa, nyekundu ya majivu na kijivu, zinakaa kwenye Z. Maana yake dume wa kijivu akipandana na jike mwekundu wa aina hii, watoto wa kiume wote wanatoka wekundu na wa kike wote wanatoka kijivu. Wafugaji hutumia jozi hiyo kujua jinsia ya kinda angali kiotani, wala hawasubiri wakue.

Malaika ni mwekundu. Na Malaika ni jike, ametaga kwako mwenyewe ukaniletea picha ya mayai. Basi wekundu wake umetoka kwa baba, na Kijivu hana wekundu wa kumpa, kwa sababu wekundu huo ukiwepo hauwezi kujificha chini ya kijivu. Kijivu si baba yake.

Nani basi? Bandani wakati ule dume mwekundu alikuwa mmoja tu, naye ndiye baba wa Mjumbe.

Ninavyokumbuka, Shani alikaa na Mwekundu kwanza, ndipo akahamishiwa kwa Kijivu. Na jike wa ndege anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo yai la siku za mwanzo baada ya kuhamishwa linaweza kabisa kuwa la dume wa zamani. Tarehe ya kutotolewa kwa Malaika ninayo. Nikirudi nyuma siku 18 hivi za kuatamia, naipata tarehe ya yai kwa kukadiria. Ninachokosa ni siku Shani alipobadilishiwa tundu, na hiyo Zuhura aliiandika, kwa sababu alikuwa anaandika kila kitu mpaka hali ya hewa. Tulipohamishia kwenye daftari jipya tulinakili ndege tu, zile habari za pembeni zikabaki kwenye la kijani.

Kama shaka yangu ni kweli, Malaika na Mjumbe ni ndugu wa baba mmoja, na ile sifuri inakuwa 12.5. Najua wapo wafugaji wanaofanya hivyo makusudi ili kushika sifa fulani katika ukoo, na sina ugomvi nao. Lakini wao wanajua wanamwoza nani kwa nani, na wako tayari kumtoa kwenye uzazi kila kinda dhaifu atakayejitokeza. Wewe unataka makinda wenye afya wa Malaika. Sitaki ukae mwaka mzima unahesabu mayai yasiyoanguliwa huku ukilaumu chakula.

Na hapo ndipo nakuomba ubadilishe kitu kimoja unavyoandika. Yai lisiloanguliwa usiliandike "bovu" ukaishia hapo. Limulike kwa tochi siku ya tano au ya sita. Likiwa angavu lote, hakuna mshipa hata mmoja, hilo halikurutubishwa, na swali linakwenda kwa dume au kwa jozi yenyewe. Likiwa lilianza, ukaona mishipa kama buibui mwekundu, halafu likafa, hilo ni viza, na maswali yake ni mengine: undugu, joto, unyevu, ugonjwa. Vitu viwili tofauti, safu mbili tofauti. Ukivichanganya, kompyuta haina namna ya kukusaidia baadaye.

Ulisema unataka kuanza na jedwali la kawaida kabla ya kuhamia kwenye programu ya ukoo. Nakuunga mkono kabisa. Ila safu ya namba za pete iwekee muundo wa maandishi kabla hujaandika chochote. Usipofanya hivyo, pete 0047 itageuka 47, na pete 3-12 itageuka tarehe ya mwezi wa tatu au wa kumi na mbili, na usipoiona siku hiyohiyo huirudishi. Si sisi tu tunaosumbuliwa na jambo hili. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kwamba imebadilisha majina kadhaa, ikiwemo MARCH1 na SEPT1, kwa sababu majedwali ya watafiti yalikuwa yanayageuza kuwa tarehe. Tarehe zenyewe anza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, zitajipanga zenyewe.

Aliyekufa usimfute. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nilimwona Bakari akisafisha orodha yake "ibaki na walio hai tu". Ukimfuta Shani, watoto wake wote wanakuwa hawana mama, na zile sifuri za uongo zinaongezeka. Andika tarehe ya kufa, acha mstari ulipo. Na namba ya pete isirudiwe kamwe, hata kama ndege aliuzwa miaka mingi iliyopita. Pete yenyewe iingie kinda akiwa na siku saba mpaka kumi. Ukichelewa, kidole cha nyuma hakipiti tena, na ndege asiye na pete ni maelezo matupu, "yule mwenye doa".

Bakari naye anakushauri ununue ile programu yake ya kulipia kila mwezi. Ni nzuri kwa macho, sikatai, inachora mti wa ukoo wenye picha. Lakini muulize swali moja: ukiacha kulipa, njiwa wako unawatoaje humo? Yeye alipojaribu, alipata picha za kurasa tu. Mimi sitaweka ukoo wa miaka mahali ambapo siwezi kuutoa kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na kulifungua kwingine.

Tena ongeza safu ya uhakika wa baba. "Jozi ilifungiwa peke yake" ni jambo moja, "anadhaniwa" ni jambo jingine. Hata wenye vyombo vikubwa wamefundishwa hilo na ndege. Wale kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga wa Marekani, walibaki 22 tu mwaka 1982, na tangu hapo kila mmoja ana namba yake katika daftari la ukoo. Mwaka 2021 watafiti wa San Diego walitangaza kwamba walipolinganisha vipimo vya vinasaba na ukoo ulioandikwa, ndege wawili, SB260 na SB517, walikataa kuingia kwa baba yeyote. Hawakuwa na baba. Mayai yalikuwa yamekua bila mbegu ya dume, na mama zao walikuwa wanaishi na madume wenye uwezo wa kuzaa! Jambo hilo lisingejulikana kama hakuna mtu aliyeandika ni nani alikuwa na nani katika kizimba kipi. Nilipolisoma nilimfikiria Zuhura na penseli yake.

Ndiyo maana simlaumu mtu yeyote juu ya baba wa Malaika. Daftari la kijani lilikuwa sahihi, naamini hivyo. Habari ilipotea njiani, na bado inaweza kurudi.

Huku nyuma nimemwekea Malaika alama ya kuuliza kwenye safu ya baba, sijaandika Mwekundu bado. Sitaki kubadilisha dhana moja kwa dhana nyingine. Daftari likisema Shani alihamishwa wiki nyingi kabla ya yai, basi itabidi tutafute mwekundu mwingine, labda kuna aliyepenya kutoka banda la jirani, ingawa na ule wavu mpya wa wakati ule sijui angepitia wapi... Tuone kwanza.

Ikiwa ni ndugu kweli, ninaye dume kwa Malaika. Yule wa kijivu aliyetoka kwa Mwalimu, pete zake na za wazazi wake zote zipo, vizazi vitatu. Nitakuletea mwenyewe. Naye Mjumbe hana kosa, atapata mwenzake.

Sasa nijibu haya. Daftari lipo kwako au lilibaki kwa Zuhura alipohama? Kama lipo, ile penseli bado inasomeka? Piga picha kila ukurasa, hata zilizokatwakatwa, na zile za nyuma zenye hesabu za chakula pia, maana alikuwa anajaza popote. Unamkumbuka Shani alihamishwa kabla au baada ya paa kubadilishwa? Malaika alipotaga kwako alikuwa peke yake au kuna dume alikuwa naye? Mayai yale uliyamulika? Na Mjumbe pete yake ni 0112 au 0121, kwa sababu kwenye daftari jipya moja imeandikwa juu ya nyingine?

Mama msalimie sana, na mapacha. Nijibu hata kwa kifupi, nasubiri picha.

Wako,
Mwanaidi