Barua ya wazi kwa Gavana wa Kilifi: kanisa la Rabai si la Krapf peke yake

Mheshimiwa Gavana, salamu nyingi. Usishtuke, siombi barabara wala basari, nakuandikia kuhusu lile kanisa la St. Paul pale Rabai, pamoja na makumbusho ya Krapf na zile nyumba za wamishenari zilizo hapo hapo.

Kila mtu aliyesoma skuli Kenya hii amekaririshwa. Krapf, yule mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mke na mtoto wakamfia mwaka huo huo, mwenzake Rebmann akaja 1846 wakapanda Rabai kuanza misheni, 1848 Rebmann akaona theluji ya Kilimanjaro, 1849 Krapf akauona Mlima Kenya, mtihani ukiisha na yenyewe yameisha. Sikatai, yote ni kweli, na huyo Rebmann hasa namvulia kofia, mtu kukaa Rabai karibu miaka 30 mpaka anaondoka 1875 macho hayaoni tena, si mchezo. Lakini muda wote huo nani alikua anaimba humo ndani? Nani alikua anaskiza?

Wa kwanza kubatizwa ni Mringe, mtu mlemavu, akabatizwa 1851 akiwa yuko karibu kufa. Yaani miaka mitano ya mahubiri, matunda yake mtu mmoja na yeye anaaga! Wazee wa Rabai waliwapokea wageni vizuri tu, lakini dini walikua nayo, na kaya zao, ile misitu yao mitakatifu, zipo mpaka leo, tena zile za Rabai ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Ukimueleza mgeni habari za kanisa bila kumueleza habari za kaya umempa nusu ya stori.

Alafu wakaja wale walioitwa Wabombay, na hapa ndo roho inaniuma maana vijana wetu wengi hawajawahi hata kuwaskia. Hawa ni watoto wa Kiafrika waliouzwa utumwani, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakapelekwa India wakasomeshwa huko Nasik, wakarudi pwani hii wakiwa watu wazima wenye elimu na ufundi wao. Mmoja ni William Jones. 1885 aliwekwa wakfu kuwa shemasi, mwaka huo huo akafuatana na Askofu Hannington safari ya Uganda, Hannington akauliwa kule Busoga, na Jones ndo akawarudisha watu waliobaki kwa miguu mpaka Rabai. Walifika mwanzoni mwa 1886 wakiwa wamebeba kibendera cha buluu chenye neno moja kwa herufi nyeupe, Ikabodi. Wa kanisani mnaijua, Samweli wa Kwanza sura ya 4, yaani utukufu umeondoka. Sasa mtu kama huyo anakosaje kujulikana na mtoto wa Mazeras anayepita hapo kila siku akienda skuli?

Na bado sijafika kwa watoro. Miaka ile ya 1880, wakati kanisa la sasa linajengwa, watumwa walikua wanatoroka mashambani huku pwani wanakimbilia misheni, na Rabai ikajaa. Wamisheni wenyewe walikua na hofu, kwa sababu kisheria mtoro alikua mali ya mtu na mabwana wa Mombasa walikua wameshachemka, kidogo damu imwagike. 1888 Mackenzie wa ile kampuni ya Waingereza, IBEA, akakubaliana na mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakapewa vyeti vyao vya uhuru. Jumla yao kwenye vituo vya misheni ilipita 1,400, na wengi walikua wa Rabai. Hebu fikiria mtu anashika karatasi inayosema yeye si mali ya mtu, na hio karatasi hajui hata kuisoma.

Ombi langu la kwanza basi ni majina. Mringe, Jones na wenzake, na habari ya watoro, viwekwe pale kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili na Kirabai, si Kizungu cha watalii peke yake.

La pili ni ukarabati. Siku pesa ikipatikana tafadhali asije kontrakta na simiti! Kuta za zamani za mawe na chokaa zinataka chokaa, ukizipiga plasta ya simiti maji yanafungiwa ndani, chumvi inapanda, plasta inavimba na kubanduka na jiwe nalo linaliwa. Mafundi wa chokaa pwani hii wapo bado, ukingoja sana watakua hawapo.

Najua kuna atakayekwambia hio si docket yako. Katiba, Jedwali la Nne, imeipa kaunti makumbusho, na majengo ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa ikayaacha kwa serikali kuu, kwa hivyo kaeni meza moja, wewe, watu wa Makumbusho ya Taifa na waumini, maana lile bado ni kanisa, watu wanasali mle kila Jumapili na wao ndo wa kuulizwa kwanza kabla hata msumari haujagongwa.

Na mkimaliza kazi, jiwe la ufunguzi liwe dogo. Jina la mheshimiwa yeyote lisizidi ukubwa wa jina la Mringe.

Ni mimi,
Mwananchi wa Pwani