Picha ya maporomoko haipigwi ukingoni

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa utalii wa Jumamosi iliyopita ulibeba picha kubwa ya kijana ameketi kwenye mdomo wa maporomoko katika Mbuga ya Aberdare. Miguu inaning'inia, mikono iko juu, na maji yanapita hatua mbili tu kutoka alipo. Maelezo ya chini yalisema huo ndio mkao unaotafutwa na kila kijana wa Nairobi anayepanda milima. Nawaomba msichapishe tena picha ya aina hiyo. Itaua mtu. Na kama mtu anayekula kwa kamera, naongeza kwamba wala haionyeshi maporomoko yenyewe.

Nina studio ndogo River Road, karibu na stendi za matatu za Nyeri. Kazi yangu ya kila siku ni pasipoti, harusi, na kuchapisha picha zilizo kwenye simu za watu. Jumatatu huja vijana waliorudi kutoka milimani jana yake, viatu bado vina matope, wanataka picha zao ziwe kubwa za kuning'iniza ukutani. Nikizifungua kwenye kompyuta nakuta jambo lile lile: mtu amejaa kwenye picha, nyuma yake kuna ukungu mweupe na kipande cha anga. Maporomoko hayapo. Aliyesimama juu ya maji hawezi kuyaona yakianguka, na mwenzake aliyeshika simu nyuma yake haoni zaidi. Majuzi binti mmoja alichukua picha yake ya maporomoko ya Karuru, huko huko Aberdare, mezani, akaitazama sana, kisha akaniuliza mbona maporomoko hayaonekani marefu. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa uliposimama ndipo maji yanapoanza kuanguka, urefu wote uko chini ya viatu vyako.

Na Karuru ni marefu kweli. Yana mita 273, yanashuka kwa ngazi tatu: mita 117, halafu 26, halafu 130. Ng'ambo ya bonde hilo hilo maporomoko ya mto Gura, nayo inamwagika kutoka kwenye ukuta wake, na mtu aliye kwenye jukwaa la kutazamia upande wa Karuru anaiona ikining'inia mbele yake yote, juu hadi inapomezwa na miti. Sijui mahali pengine hapa nchini ambapo mpiga picha anapewa zawadi kama hiyo bila kuacha njia.

Kwa hiyo, wanangu mnaopanda, nisikilizeni kidogo kuhusu kazi hii. Urefu huonekana kwa umbali. Mwache mwenzako kwenye jukwaa, nyuma ya uzio, akiwa na jaketi nyekundu au ya njano, halafu wewe rudi nyuma kadiri njia inavyokuruhusu na uvute lenzi. Yule mtu atatoka mdogo kama punje ya mtama, na hapo ndipo atakayeiona picha atashtuka kwa ukubwa wa maji. Msitumie ile lenzi pana ya simu ambayo kila mtu anaikimbilia, kwa kuwa inavisukuma mbali vitu vya nyuma, na ukuta wa mita mia na zaidi unageuka kijito. Egemeza simu juu ya begi au jiwe kavu, weka saa ya kujipiga ya sekunde tatu, uondoe mkono. Kama una kamera na stendi yake, punguza kasi ya shata, kile kipazia cha ndani kinachofunguka kuingiza mwanga. Wengi hupenda nusu sekunde au zaidi ili maji yawe laini kabisa. Mimi hubaki kwenye sehemu ya nane ya sekunde, kwa sababu Gura ni mto wenye hasira na nataka nyuzi zake zionekane zikipigana. Kitambaa kikavu kiwe mfukoni muda wote. Rasharasha hukaa kwenye kioo cha lenzi na hutaigundua mpaka ufike nyumbani.

Wingu si adui. Jua la saa sita huyachoma maji yakawa karatasi nyeupe na kuutia msitu giza. Siku ya mawingu mepesi ndiyo inayotoa kijani cha majani na kijivu cha mawe jinsi yalivyo. Anayetaka upinde wa mvua alipe jua kisogo wakati bado liko chini, asubuhi au alasiri, atazame rasharasha. Malango ya mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, hivyo mwenye kulala Nyeri au Naivasha anawahi mwanga mzuri. Anayeondoka Nairobi asubuhi hiyo hiyo anaufikia ukiwa umekwisha, na hapo ndipo haraka inapoanza kumsukuma ukingoni.

Ukingo wenyewe hauaminiki. Mawe yanayolowa kila siku huota ukoga, na ukoga ukiwa mwembamba hauonekani, jiwe linang'aa tu. Kiatu cha mpira cha mjini hakishiki hapo hata kidogo. Halafu kuna jambo ambalo aliye juu hawezi kuliona: maji yanayoanguka hula mwamba kutoka chini. Aberdare ni milima ya volkano, na mahali ambapo tabaka gumu limelala juu ya tabaka laini, lile laini huliwa kwanza na lile gumu hubaki limetokeza hewani bila nguzo. Nenda kwenye mto Magura, humo humo Aberdare, uone pango lililo kule chini ya maporomoko, utaelewa unakalia nini unapokaa kwenye mdomo wa maji. Tena mvua ikinyesha juu kwenye nyika ya mlima, mto hupanda hata kama wewe uko juani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji huwa yamejaa na picha ni nzuri ajabu. Ndio wakati huo huo ambao mita chache kutoka kwenye maji zinaweza kuwa ndani ya maji kabla hujamaliza kufuta kioo.

Mlima Kenya una ugonjwa huo huo. Kwenye njia ya Chogoria kuna genge liitwalo Temple, juu ya Ziwa Michaelson, kimo cha takriban mita 300, na vijana hukaa pale miguu nje wakingoja kupigwa picha. Ziwa linaonekana vizuri hivyo hivyo ukiwa umerudi nyuma. Hata vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, havihitaji kushikwa kwa mkono ili vikae vizuri kwenye picha. Vinapendeza zaidi vikitazamwa kutoka mabondeni alfajiri, mwamba unapogeuka mwekundu.

Wapo watakaosema haya ni maneno ya mzee anayeogopa. Wasome basi yaliyotokea Yosemite, mbuga ya California inayojulikana dunia nzima kwa maporomoko yake na majabali ya graniti. Pale barafu ya kale ilisugua graniti mpaka ikawa laini, na theluji inapoyeyuka Mei na Juni mito inafurika. Julai 2011 watu 3 walivuka uzio wa chuma juu ya maporomoko ya Vernal, yenye mita 97, wakachukuliwa na maji. Oktoba 2018 mume na mke waliozoea kusambaza picha za safari zao walianguka kutoka genge la Taft Point, zaidi ya mita 200. Stendi ya kamera ilikutwa juu, ukingoni. Mbuga hiyo ina uzio, ina mabango, ina walinzi wengi na helikopta za uokoaji. Sisi Aberdare tukianguka, nani anashuka bondeni kutufuata, na anafika saa ngapi?

Na katika Yosemite hiyo hiyo, mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alipiga picha yake maarufu kuliko zote ya bonde lile, dhoruba ya majira ya baridi ikiondoka na maporomoko ya Bridalveil yakionekana kando, akiwa Inspiration Point, mahali palipo karibu na barabara ya magari. Alingoja mawingu yafunguke.

Wanaoandaa safari hizi za Jumamosi wanabeba lawama kubwa kuliko vijana. Nimeona matangazo yao kwenye simu za wateja wangu: picha ya ukingoni ndiyo chambo. Mtu akishalipia kiti kwenye basi kwa ajili ya picha ile, ataidai, na kiongozi anayeogopa kukosa wateja safari ijayo atanyamaza. Kiongozi wa kweli huwaambia watu kabla gari halijaondoka mjini mahali watakaposimama na mahali ambapo hawatakanyaga. Wasimamizi wa mbuga nao waandike maonyo kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, yaseme wazi kwamba mwamba uliotokeza hauna kitu chini yake. Bango la "hatari" peke yake vijana hulitumia kama pambo la picha.

Ninyi mna nafasi ambayo mimi sina. Mnachochapisha leo, wiki ijayo kinaigwa. Ninazo picha za Karuru na Gura nilizopiga nikiwa kwenye majukwaa na njia zinazoruhusiwa, nitawapa bure mzitumie mahali pa ile ya Jumamosi. Naomba tu chini yake muandike maporomoko ni yapi, yana mita ngapi, na kwamba maji ya Gura yanateremka hadi mto Tana na kupita kwenye mitambo ya umeme ya Masinga na mabwawa yaliyo chini yake. Kisha muandike mpiga picha alikuwa amesimama wapi.

Mwenye studio ya picha,
River Road, Nairobi